Kufundisha Kiingereza nje kwenye vituo binafsi vya lugha: mwongozo kamili, kuanzia makaratasi mpaka siku ya kuondoka

Kabla hujatuma CV hata moja weka hili kichwani: kituo binafsi cha lugha ni biashara kwanza, shule baadaye. Anayekaa mbele yako ni mteja, yeye au mzazi wake kalipia hicho kiti, na mwenye kituo usiku anahesabu viti, hahesabu nani kaelewa tofauti ya "since" na "for". Sisemi ni watu wabaya, wengi tu ni waungwana, nasema ukilijua hili mapema basi zile ratiba za ajabu, mikataba yenye mitego na presha ya kuwafurahisha wanafunzi, vyote vinaeleweka, na unajua pa kukaza na pa kulegeza. Mimi nilienda nikidhani naenda kuwa mwalimu kama wale walionifundisha mimi. Nilichokikuta ni kitu kingine kabisa.

Korea wanaviita hagwon, Japani eikaiwa, Taiwan buxiban, Hispania academia. Majina mbalimbali, ngoma ile ile: vipindi vinaanza pale wenzako wanapotoka shule na kazini, kwa hiyo siku yako inaweza kuanza saa 8 mchana ikaisha saa 3 au 4 usiku, na Jumamosi mara nyingi ndo siku ngumu kuliko zote. Kama wewe ni wa kulala mapema fikiria tena.

Hatua ya 1: Anza na pasipoti, nchi itafuata

Watu wanachagua nchi kwa sababu wameona video nzuri, halafu wanakuja kugundua viza haiwahusu. Korea Kusini, viza ya E-2 kwa walimu wa Kiingereza kwa kawaida ni ya raia wa nchi 7 tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na lazima uwe na digrii. Hapo Kiingereza chako hata kiwe kizuri namna gani haisaidii, maana kinachoangaliwa ni kile kitabu kidogo chenye picha yako. China nayo kanuni ya kawaida inadai uraia wa nchi zinazohesabiwa za wazawa wa Kiingereza, digrii, na juu yake ama uzoefu wa miaka 2 ama cheti cha kufundisha. Japani viza ya hivi vituo vya mazungumzo imeegemea zaidi kwenye digrii kuliko uraia. Vietnam kibali cha kazi kinataka digrii, cheti cha kufundisha, hati ya polisi na vipimo vya afya, na walimu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza wapo wengi tu. Nchi za Umoja wa Ulaya, kama huna pasipoti ya huko, vituo vidogo vingi havitaki usumbufu wa kukuombea kibali, watakusifia intavyu nzima halafu wanakwambia tutakupigia, na simu haiji.

Kama pasipoti yako haiko kwenye ile orodha usikate tamaa ila usipoteze mwaka mzima kupiga mlango uliojengewa tofali. Nenda kwenye nchi zinazoangalia makaratasi, na ubebe ushahidi wa kiwango chako, yaani matokeo ya juu ya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, au cheti cha C2 Proficiency cha Cambridge, maana mwajiri anapokuwa na wasiwasi karatasi inamtuliza kuliko lafudhi yako. Na kuna faida moja watu hawaisemi, wewe uliyejifunza Kiingereza darasani unajua kabisa ni wapi panauma. Mzawa wa lugha akiulizwa kwa nini ni "at night" lakini "in the morning" anakodoa macho, wewe swali hilo uliwahi kuuliza mwenyewe.

Mwisho wa hatua hii: masharti soma kwenye tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji ya nchi husika, siku hiyo hiyo unayoomba, sio ulichoambiwa na aliyekwenda miaka 5 iliyopita. Mambo hupinduka. Julai 2021 China ilitoa sera ya kuwapunguzia watoto mzigo wa masomo, tuisheni za kibiashara za masomo ya shule zikabanwa vibaya sana na kuajiri walimu walioko nje ya nchi wafundishe watoto mtandaoni kukapigwa marufuku, na biashara nzima zilizokuwa na maelfu ya walimu zikafunga ndani ya miezi michache tu.

Hatua ya 2: Cheti

Usinunue cheti cha wikiendi moja ukadhani umemaliza. Namba utakayokutana nayo kila mahali ni masaa 120, ndo kiwango ambacho waajiri na nchi nyingi wanakitaja, ila masaa 120 ya kubofya majibu kwenye simu na masaa 120 ya kufundisha watu wenye pumzi zao ni vitu viwili tofauti. Vyenye heshima dunia nzima ni CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity College London, na kote kuwili lazima ufundishe angalau masaa 6 mbele ya wanafunzi wa kweli huku mkufunzi kakaa nyuma anaandika. Ukisoma kutwa ni kama wiki 4 au 5 za kukosa usingizi, sikufichi, kuna watu nilisoma nao walilia chooni. Kitu kimoja nilichokipenda kwenye ile ya Trinity ni kwamba unafundishwa lugha usiyoijua hata neno, kwa lugha hiyo hiyo, ili uonje mwanafunzi wako anavyojisikia, na ukishaonja hiyo hutarudia kumpigia mtu kelele eti mbona hasikii.

Hela haitoshi? Chukua cha mtandaoni cha masaa 120 chenye sehemu ya kufundisha kwa vitendo, halafu tafuta pa kujitolea kufundisha hata watu 5 kwa mwezi mmoja. Kwenye intavyu huo mwezi utauongelea zaidi kuliko cheti chenyewe.

Hatua ya 3: Makaratasi, na hapa ndo muda unapoliwa

Digrii halisi, hati ya polisi ya kutokuwa na makosa, cheti cha kufundisha, pasipoti yenye muda wa kutosha, picha. Kinachochelewesha watu ni kuthibitishwa, yaani ile apostili, muhuri wa serikali yako unaosema karatasi hii ni ya kweli, ambao unakubalika kwenye nchi zilizomo kwenye mkataba wa Hague wa 1961. Nchi ambazo hazimo unapita njia ndefu, wizara halafu ubalozi, na kila dirisha lina ada yake. China mpaka juzi ilikuwa njia ndefu, ikaanza kukubali apostili Novemba 7, 2023.

Hati ya polisi ina kaujanja kake: nchi nyingi zinataka iwe mpya, kwa hiyo ukiichukua mapema sana itakuwa imekwisha muda siku unapoihitaji na unaanza upya. Digrii ithibitishe mapema, polisi ichukue ukishakaribia kupata kazi. Na skani kila kitu, weka sehemu mbili.

Hatua ya 4: Kutafuta kazi na kuwachuja

Njia ni tatu: kuomba moja kwa moja kituoni, kupitia wakala, au kwenda nchi yenyewe na kugonga milango kabla msimu haujafunguliwa (hii ya tatu angalia kwanza kama sheria inaruhusu kubadilisha viza ukiwa ndani). Wakala wa halali wa walimu analipwa na kituo, hakulipishi wewe kitu. Akikuomba hela ya "kushikilia nafasi", kimbia.

Mwingine wa kumkimbia ni yule anayesema njoo na viza ya utalii tutaibadilisha hapa hapa. Kwa China kwa mfano njia ya kazi ni kuingia na viza ya Z halafu ndani ya siku 30 unaomba kibali cha ukaazi, na mtu akikamatwa darasani na viza ya mwanafunzi au ya biashara anayelala mahabusu na kufukuzwa nchini ni mwalimu. Meneja atakwambia kila mtu anafanya hivi. Sawa, ila kila mtu hatakuja kukutoa.

Kabla ya kukubali omba kuongea na mwalimu wa kigeni aliyeko hapo sasa hivi, na kama inawezekana na aliyeondoka, halafu muulize maswali matatu tu: mshahara unaingia tarehe ile ile kila mwezi? Kuna walimu wangapi waliokaa zaidi ya mwaka? Uliyekuja kumrithi aliondoka kwa nini? Kituo kisichotaka uongee na mtu yeyote kimeshakujibu.

Hatua ya 5: Intavyu na demo

Maswali ya intavyu ni mepesi, wanataka kuona unatabasamu, unaongea polepole na hutatoroka mwezi wa pili. Kazi iko kwenye demo, dakika 15 au 20 za kufundisha, mara nyingi mbele ya walimu wanaojifanya wanafunzi, au mbele ya kamera bila mtu kabisa, na hiyo ya kamera ni aibu tupu ila ndo hivyo.

Kosa la wengi ni kuhutubia. Nikupe mfano wa demo inayopita. Wamekupa "present perfect". Usiandike kanuni ubaoni. Ingia, pekua mfuko wa kulia, pekua wa kushoto, fungua begi, toa daftari, toa chupa, shika kichwa, fanya uso wa mtu aliyefungiwa nje. Watacheka. Waulize nina shida gani, mmoja atasema "key". Chukua hilo neno kutoka kwake, halafu sema wewe sentensi nzima mara mbili kwa sauti ya kawaida, "I've lost my keys", wasikie hiyo "I've" ilivyomezwa. Wote warudie, halafu mmoja mmoja. Sasa ndo unauliza maswali ya kupima maana: funguo ninazo sasa hivi? Hapana. Tunajua zilipotea saa ngapi? Hapana. Naweza kuingia ndani? Hapana. Hayo maswali matatu yamefundisha zaidi ya ubao mzima wa sarufi, baada ya hapo tu ndo andika sentensi. Halafu wape wao kazi, wawili wawili, kila mmoja aigize shida yake mwenzake akisie. Wewe nyamaza, zunguka, sikiliza.

Na kamwe usiulize "mmeelewa?" maana wote wataitikia ndio, hata yule aliyekuwa anaangalia dirishani.

Hatua ya 6: Mkataba, soma kama unatafuta chawa

Hapa ndo nilipoumia kwa hiyo nivumilie. Mkataba wangu wa kwanza ulisema masaa 30 ya kufundisha kwa wiki. Nikapiga hesabu vipindi 30, siku 5, sita kwa siku, nikasaini nikiwa na furaha zote. Kufika naona ratiba ina vipindi 9 kila siku. Nikaenda ofisini nimevimba, meneja akanionyesha kwa upole kabisa: kipindi ni dakika 40, na mkataba unasema saa ni dakika 60 za kusimama darasani, masaa 30 ni dakika 1,800, gawa kwa 40, unapata vipindi 45. Alikuwa sahihi. Kila kipindi kina maandalizi yake, daftari zake na zile dakika za katikati ambazo hazihesabiwi popote. Kwa hiyo uliza hivi hivi kwa maandishi: vipindi vingapi kwa wiki, kila kimoja dakika ngapi, na natakiwa kuwepo kituoni kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi hata kama sifundishi. Uliza pia kama ratiba inakatwa katikati, yaani asubuhi masaa mawili kwenye kampuni ya watu halafu unarudi jioni, maana hapo siku nzima imekwenda.

Japani utaona mikataba ya masaa 29.5 kwa wiki. Hiyo nusu saa iliyokosekana haikukatwa kwa bahati mbaya, ilizoeleka kuwekwa ili mwalimu abaki chini ya masaa 30, mstari uliokuwa unahusishwa na mwajiri kuchangia bima ya jamii. Uliza bima ya afya nani analipa.

Korea sheria inasema ukitimiza mwaka mmoja unalipwa kiinua mgongo, karibu mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Sasa unaelewa kwa nini kuna walimu wanaogundulika ghafla kuwa "wabovu" mwezi wa 10 au wa 11 wa mkataba. Tunza kila ujumbe wa kukusifu, kila ripoti nzuri, weka nje ya kompyuta ya ofisi.

Nyumba: ya peke yako au ya kuchangia, dipoziti ya nani, umeme na intaneti nani analipa, na omba picha za chumba chenyewe. Tiketi: wanalipa kabla au wanakurudishia baadaye, na ukiondoka kabla ya miezi 6 unarudisha? Notisi ni siku ngapi kwa pande zote mbili (ikiwa yako ni siku 60 na yao ni 7, hiyo jadili). Faini za kuondoka mapema. Kama umeandikwa mfanyakazi au "mkandarasi huru", maana huyo wa pili mara nyingi hana likizo wala bima. Na toleo la lugha ya nchi ndo linaloshinda mahakamani mara nyingi, kwa hiyo lipia mtu alitafsiri lile, hilo la Kiingereza ulilopewa linaweza kuwa la kukupamba tu.

Pasipoti yako haikai kwenye droo ya mtu. Wakiitaka kwa ajili ya kibali, uliza tarehe ya kurudi na uifuate siku hiyo.

Halafu jina kubwa lisikupumbaze. Oktoba 2007 Nova, iliyokuwa mtandao mkubwa kuliko wote wa eikaiwa Japani, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, mishahara ilikuwa imeshaanza kuchelewa, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki hawana kazi, wengine na nyumba walizopangiwa na kampuni hiyo hiyo. Nenda na akiba ya miezi 2 au 3 ambayo huigusi, na mshahara ukichelewa mara ya pili anza kutafuta pengine hata kama bosi anakupa maelezo matamu.

Hatua ya 7: Darasani

Wiki ya kwanza utapewa vitabu vyao na utaratibu wao, fuata kwanza hata kama unaona ni wa kizamani, kosoa mwezi wa tatu. Mjue mtu wa mapokezi kuliko unavyomjua meneja, yeye ndo anajua mzazi gani ameanza kulalamika na mashine ya fotokopi inakwama saa ngapi.

Jipime kwa kitu kimoja, nani anaongea. Kama kwenye dakika 40 wewe umeongea 30, hao wanafunzi 8 wamegawana dakika 10, hata dakika moja na nusu kila mtu haifiki. Walilipia hiyo? Rekodi sauti yako kipindi kimoja kwa simu, usikilize nyumbani, utaona aibu lakini dawa chungu ndo inayotibu.

Kusahihisha usimrukie mtu kila neno. Kaa na kikaratasi, andika makosa unayoyasikia, dakika 5 za mwisho yaweke ubaoni bila jina la mtu, wayarekebishe wenyewe. Kosa linalosahihishwa hapo hapo ni lile linalopoteza maana tu.

Jifunze lugha yao angalau juu juu, inakwambia makosa yatatokea wapi. Mhispania atasema "is raining" bila "it" kwa sababu kwao kitenzi kinajitosheleza. Mkorea "f" na "p" zinamchanganya kwa kuwa kwao "f" haipo. Mjapani anaweka vokali mwisho wa maneno mengi, "bus" inakuwa "basu", na hapa wewe msomaji wa Kiswahili huna haki ya kucheka, sisi tunapanda basi na hela tunaweka benki. Nilivyowaeleza wanafunzi wangu hilo, kwamba hata lugha yangu inafanya vile vile, darasa lilifunguka kama limeoshwa, wakaanza kuniuliza maneno mengine, na tukapata njia rahisi ya kuzoeza: sema "basi", sasa meza hiyo "i".

Watoto wadogo badilisha zoezi kila dakika 5 mpaka 7, wasimame, wakae, waimbe, waguse kitu. Watu wazima waliotoka kazini wanasinzia, anza na swali la kuwafanya waongee na jirani kabla hujafungua kitabu. Yule wa peke yake anayelipia pesa ndefu muulize siku ya kwanza Kiingereza anakitumia wapi hasa, kama ni kuandika barua pepe kwa bosi basi leta barua pepe, achana na sura ya tatu kuhusu sayari.

Na utaombwa kuuza. Kuna vituo vinataka mwalimu ampendekezee mwanafunzi kozi nyingine au kitabu kingine. Mimi msimamo wangu ulikuwa huu: napendekeza ninachoamini kitamsaidia, bei aongee na mapokezi. Nilinuniwa kidogo, ila hakuna aliyenifukuza.

Hatua ya 8: Kuondoka

Toa notisi kwa maandishi na utunze nakala. Omba barua ya uzoefu yenye nembo ya kituo, tarehe ya kuanza na kumaliza na masaa uliyofundisha, ichukue kabla ya siku ya mwisho, maana ukishaondoka hakuna wa kukuandikia. Ukihamia kituo kingine ndani ya China utahitaji barua ya kuachiwa na cheti cha kufutwa kibali cha kwanza, Korea kuhama kabla mkataba haujaisha mara nyingi kunadai barua ya bosi wako wa zamani, kwa hiyo hata kama mmegombana ondoka kwa amani mpaka karatasi iwe mkononi.

Akaunti ya benki usiifunge mpaka mshahara wa mwisho na marejesho ya dipoziti yameingia. Na kama ulichangia pensheni uliza marejesho yake kabla hujapanda ndege: Japani kwa mfano mgeni aliyechangia miezi 6 au zaidi anaweza kudai malipo ya mkupuo, lakini ni ndani ya miaka 2 tangu aondoke, na fomu inataka namba iliyo kwenye kile kijitabu au taarifa ya pensheni ambayo wengi wanaitupa siku wanapofungasha mabegi.